Kompyuta Yatima: Historia Fupi ya Vifaa Vinavyooana

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilikuwa yatima tangu siku ilipowashwa. Ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikiitwa ICT 1500. Herufi hizo hazikuwa na maana tunayozipa leo. Zilikuwa kifupi cha jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators. Lakini hata hao Waingereza hawakuibuni. Kwa asili ilikuwa RCA 301, mashine ya Marekani iliyobandikwa jina jingine. Na mwaka 1964, kabla sisi hatujaifunga ya kwetu, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshatangaza ukoo mpya wa mashine, zile za 1900, zenye muundo tofauti kabisa. Mwaka 1971, RCA nayo ikajitoa kwenye biashara ya kompyuta.

Mashine haiwi yatima kwa kukosa umeme. Inakuwa yatima kwa kukosa ndugu. Programu zake hazisomeki kwingine, spea zake hazipatikani kwa jirani, na fundi wake akiondoka, anaondoka na elimu yote.

Nimeingia kwenye historia hii kwa sababu ya dogo mmoja wa Katoro, mkoani Geita, mtoto wa mama mdogo. Anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwa mwaka mzima alikuwa anadunduliza hela ya kuunga kompyuta ya gemu. Si ya kujifurahisha tu. Anataka kufungua kibanda ambacho vijana watalipia kucheza. Alikuwa na laki tisa. Mama yake, aliyeko Kahama, alitaka hela hiyo iwe bati. Wakaelewana hivi: dada yenu si mwandishi wa habari, anajua kuulizauliza? Basi aikague orodha kwanza. Akisema vinaoana, dogo anunue. Akisema havioani, hela inakwenda kwenye bati.

Orodha ilinifikia Shinyanga mjini kwa simu, imepigwa picha kwenye karatasi ya daftari. Prosesa Core i5-6500. Mazabodi ya H81. RAM ya DDR4, giga nane. Kadi ya grafiki GTX 1060. Kasha dogo la kompyuta ya ofisi, na pawa saplai yake ya wati 240. Duka moja lilimhakikishia kwamba kila kifaa ni kizima. Kwa maelezo yake, hilo lilikuwa kweli. Ila ukiviweka pamoja ulikuwa unapata takataka ya laki tisa.

Kwa nini vifaa vizima vikatae kukaa pamoja? Hapo ndipo historia inapoanza, maana kuoana kwa vifaa hakukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu waliokupanga, wakakupigania, na wengine wakakuiba.

Zamani kila kompyuta ilikuwa kabila lake. Hata ndani ya kampuni moja, ukitaka mashine kubwa zaidi ulilazimika kuandika programu upya. Tarehe 7 Aprili 1964, IBM ilitangaza System/360, ukoo wa mashine ndogo kwa kubwa zenye lugha moja ya ndani. Mteja angeanza na ndogo, biashara ikikua anahamia kubwa bila kutupa kazi yake. Angalia tarehe hiyo, kisha kumbuka ya kwetu: 1965. Sisi tuliingia kwenye nyumba ya zamani wakati wenzetu wanahamia mpya.

Kilichofuata kinajulikana, ingawa hakisimuliwi sana. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba, na mwaka huo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Sababu inayotajwa mara nyingi ni hasara iliyotokana na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka: yaani nchi ilipiga marufuku kompyuta? Mimi sicheki. Nchi changa, yenye fedha za kigeni za kuhesabu, ilikuwa imelipia mashine zisizo na ndugu na wataalamu wa kuletwa. Kufunga mlango kulikuwa na mantiki yake. Ubaya ni kwamba mlango ulifungwa katika miaka ileile ambayo dunia ilikuwa inajifunza kuunganisha vifaa.

Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta ndogo ya mezani, IBM PC, na kwa haraka ya kuwahi soko ikaijenga kwa vifaa vya watu wengine: prosesa ya Intel, programu endeshi ya Microsoft. Kilichokuwa cha IBM peke yake kilikuwa programu ndogo ya kuamshia mashine, BIOS. Wahandisi wa Compaq waliiandika upya kutoka sifuri, bila kunakili, na mwaka 1983 wakaanza kuuza mashine iliyoendesha programu za IBM. Kuanzia hapo mlango haukufungika tena. Mwaka 1995 Intel ikatoa kiwango cha ATX: matundu ya skrubu yakae wapi, plagi ya umeme iweje, kasha lipokee nini. Kama leo mtu wa Katoro anaweza kununua mazabodi iliyotengenezwa China na kuifunga kwenye kasha lililotoka kwingine kabisa, anakula matunda ya mambo hayo.

Sisi tulichelewa kufika. Marufuku ililegezwa taratibu. Televisheni ya Bara ilianza 1994, sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ikaandikwa 2003, na mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam mwaka 2009. Kanda yetu wakati huo ilikuwa inapokea mashine za aina nyingine. Mgodi wa Geita ulifunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Kabla yao kulikuwa na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Migodi hiyo mikubwa huagiza mtambo pamoja na spea zake na fundi wake. Mchimbaji mdogo hana anasa hiyo. Yeye huunga: injini ya dizeli kutoka huku, puli kutoka kule, pipa limechomelewa na fundi wa mtaani.

Kwa hiyo nilipompigia dogo simu kumweleza kasoro za orodha yake, sikuanza na kompyuta. Nilimuuliza: ukibadilisha puli ya karasha ukaweka isiyo saizi yake, inakuwaje?

"Dada, ikizidi spidi, gololi zinaganda ukutani. Pipa linazunguka, kelele ipo, mawe hayasagiki."

"Na injini ni mbovu?"

"Injini nzima. Puli nzima. Ila haviendani."

Basi. Mtu wa namna hiyo hahitaji somo refu.

Tukaanza na prosesa. Core i5-6500 inakaa kwenye soketi ya LGA 1151, yenye miguso 1151, ya mwaka 2015. Mazabodi ya H81 ina soketi ya LGA 1150, ya 2013. Tofauti ya mguso mmoja kwa hesabu, lakini haingii. Nikamwonya pia kwamba namba ikifanana bado si dhamana: prosesa za Intel za kizazi cha nane zinatumia soketi inayoitwa 1151 vilevile, na bado mazabodi za kizazi cha sita na cha saba hazizikubali. Mshindani wake, AMD, alianza soketi ya AM4 mwaka 2016 na akaipitisha vizazi kadhaa vya prosesa. Huo nao ni uamuzi wa kibiashara. Kampuni moja ilikuona una thamani zaidi ukinunua mazabodi mpya, nyingine ikakuona una thamani zaidi ukibaki kwake.

RAM: H81 inatumia DDR3. Mkato ulio chini ya kijiti cha DDR4 umekaa mahali pengine, makusudi, ili usikilazimishe. Huo ni ustaarabu wa watu wa viwango: kosa likatae kuingia mapema, kabla halijaunguza kitu.

Kadi ya grafiki ndiyo ilikuwa hatari zaidi. GTX 1060 inakula wati 120, wakati tundu la mazabodi linatoa 75 mwisho, hivyo inahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Ile ya wati 240 ya kompyuta ya ofisi kwa kawaida haina waya huo. Isitoshe, kampuni kubwa zinazouza kwa maofisi mara nyingi hutumia plagi zao za umeme, zisizofuata ATX, kwa hiyo hata ukitaka kubadilisha pawa saplai unakwama. Na kasha dogo halipokei kadi ndefu wala pana. Hapa dogo alikaa kimya, maana kasha ndilo alilolipenda zaidi. Lilikuwa rahisi.

Orodha mpya tuliiandika jioni mbili. Mazabodi ileile ya H81, kwa kuwa bei yake ilikuwa nzuri. Prosesa Core i5-4570, ya soketi 1150. Vijiti viwili vya DDR3, giga nne kila kimoja, kwa sababu viwili vinafanya kazi sambamba kuliko kimoja cha nane. Kadi GTX 1050 Ti, aina isiyohitaji waya wa ziada, wati 75. Kasha la kawaida na pawa saplai ya ATX yenye jina linalofahamika, kwa sababu wati zilizoandikwa ubavuni ni ahadi tu, na umeme wa huku unajua kupanda na kushuka. SSD ndogo. Iliyobaki ikaenda kwenye stabilaiza. Mashine ya namna hiyo inaendesha GTA V na PES vizuri tu, na wateja wa Katoro ndicho wanachotaka.

Nilimpigia mama mdogo nikamwambia vinaoana. Akauliza swali moja ambalo sikuwa nimelitegemea: "Vitaoana mpaka lini?"

Hilo ndilo swali ambalo historia inaliacha wazi. Oktoba 2021 Microsoft ilitoa Windows 11, na kwa upande wa Intel ikaweka mstari kwenye prosesa za kizazi cha nane, pamoja na kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ya dogo ni ya kizazi cha nne. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma. Hakuna kilichoungua ndani ya kasha. Mashine inawaka, gemu zinaenda, lakini karatasi inasema haiendani tena. Maofisi ya nje yanapozitoa mashine za namna hiyo, zinaingia kwenye masoko ya mitumba kama yetu kwa bei ya chini. Yaani unafuu tunaoufurahia unatokana na uamuzi wa mtu mwingine kwamba kitu kizima kimeisha muda wake.

Wenyeji wa Wizara ya Fedha mwaka 1965 hawakuwa wajinga. Walinunua kutoka kwa kampuni kubwa, na uamuzi wa kuifanya mashine yao yatima ulifanyika ng'ambo, kwenye vikao wasivyoalikwa. Miaka sitini baadaye vikao bado viko hukohuko. Kilichobadilika ni kwamba viwango vimeandikwa na viko wazi, na kijana wa Katoro anaweza kuvisoma kwenye simu kabla hajatoa hela. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo iliyookoa laki tisa.

Nilimwambia mama mdogo ukweli: miaka michache, labda zaidi wakijifunza kutumia Linux. Akasema bati nalo hushika kutu. Hela akaiachia.

Dogo amebandika karatasi ndani ya kasha, upande wa kifuniko: soketi 1150, DDR3, ATX, kadi isizidi wati 75. Anasema ni kwa ajili ya fundi atakayekuja kuifungua yeye akiwa hayupo.