Barua ya Uhamisho

Nilipokuwa darasa la tano, baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipewa barua ya uhamisho. Wiki chache kabla alikuwa ameuliza kikaoni pesa za madawati zilikwenda wapi. Barua ilisema anahamishwa kwa manufaa ya umma. Majirani walikuja kutupa pole, na karibu wote walisema neno moja: majaliwa.

Neno hilo limenirudia mwaka huu, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu Sugawara no Michizane, mtumishi wa serikali aliyegeuka mungu.

Alizaliwa Japani mwaka 845, katika ukoo wa wanazuoni. Alipanda kwa kalamu. Mwaka 870 alifaulu mtihani wa juu kabisa wa serikali, na mwaka 899 akawa Waziri wa Kulia. Aliyemtangulia kwa cheo, Waziri wa Kushoto, alikuwa Fujiwara no Tokihira, kijana wa ukoo uliozoea kuwaoza binti zake kwa wafalme.

Mwaka 901 Michizane alishtakiwa kwamba anataka kumwondoa Mfalme Daigo ili amtawaze mkwewe. Hakufungwa. Aliteuliwa! Kwenye karatasi alikuwa ofisa wa ngazi ya juu huko Dazaifu, kisiwani Kyushu, mbali na mji mkuu. Cheo kilikuwepo, kazi haikuwepo. Mwaka 903 alifia hukohuko.

Kisha vifo vikaanza. Tokihira alifariki mwaka 909, hajafikisha miaka arobaini. Mwaka 923 akafa mrithi wa kiti cha ufalme, na serikali, kwa hofu, ikamrudishia marehemu cheo chake. Mwaka 930 radi ilipiga kasri na kuua maofisa. Daigo akaugua, na kabla mwaka haujaisha naye akafa. Mwaka 947 Michizane alijengewa hekalu huko Kitano, Kyoto. Aliitwa Tenjin, mungu wa mbinguni. Mwaka 993, miaka 90 baada ya kufa, alipandishwa kuwa Waziri Mkuu.

Leo wanafunzi wa Japani humwendea msimu wa mitihani. Huandika maombi kwenye vibao vya mbao na kuvitundika hekaluni. Majaliwa yao yako mikononi mwake. Nami, ninayesubiri majibu ya msimamizi wangu, nawaelewa. Lakini kilichomwangusha Michizane hakikuwa mtihani. Mitihani aliifaulu.

Zamani nilidhani kumfanya mtu mungu ni kumheshimu. Sasa naona pia ni njia ya kutomwomba radhi. Ukimpa radi na hekalu, hadithi inakuwa ya mbinguni, na watu waliokaa chumbani kuandika amri ile wanatoweka. Majirani zetu hawakuwa na nia mbaya, lakini neno lao lilifanya kazi hiyohiyo.

Baba alistaafu kulekule alikopelekwa. Likizo iliyopita nilimwomba mama anionyeshe ile barua. Aliitoa kwenye bahasha ya vyeti, imekunjwa mara nne. Nilisoma hadi chini. Kulikuwa na tarehe, muhuri wa bluu, na sahihi ya mtu.

Mama akaniuliza, "Unatafuta nini humo, mwanangu?"

Nikamwonyesha sahihi.