Mchagua Jembe

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu nilinunua gitaa la umeme na spika yake kwa akiba ya mwaka mzima, nikiamini kwamba chombo kizuri kitanifanya mpigaji mzuri. Kelele ziliongezeka, muziki ukabaki pale pale.

Jibu lilikuwapo katika historia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, leo Likasi, huko Katanga. Gitaa lake lilikuwa kavu, lisilo na umeme. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikapiga sauti za juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake “Masanga” ulirekodiwa mwaka huo, na sifa zake zikafika Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na gitaa la debe, nyuzi zake za waya wa breki za baiskeli. Nilimnyang’anya nikaliita takataka, likaozea stoo. Sikumwuliza hata mara moja anipigie.

Sasa vidole vyangu vimekakamaa. Kila jioni narudia polepole, gumba na shahada. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi, nami ndiye sikuielewa.