Kosa Lisilo na Gharama: Historia ya Kujifunza Mbio za Gari la Rimoti Ndani ya Kompyuta

Katika kata ya Hasamba, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kama katika vijiji vingine vya nchi ile ya kahawa ambayo barabara yake kuu hushikwa na malori usiku na mchana kuelekea mpaka wa Tunduma, mtoto wa kiume aghalabu huwa na lori lake mwenyewe kabla hajajua kuandika jina lake. Lori hilo ni la waya. Magurudumu yake yamekatwa katika ndala zilizochakaa, au ni vizibo vya chupa. Na usukani wake ni duara lililofungwa juu ya ufito mrefu, ambao ncha yake ya chini imeshikamana na mhimili wa mbele. Mwenye gari hutembea nyuma yake, akilisukuma na kulipinda, huku akinguruma kwa kinywa chake mithili ya injini ipandayo mlima. Dereva na chombo chake hutazama upande mmoja: kulia kwa mtoto ni kulia kwa lori, na kushoto kwake ni kushoto kwa lori, toka nyumbani hata dukani na kurudi.

Mpe mtoto huyo gari la rimoti. Maadam linakwenda mbali naye, atalitawala kama alivyolitawala lile la waya. Walakini litakapogeuka na kumjia usoni, dunia itapinduka, kulia kwa gari kutakuwa kushoto kwake, na mkono uleule uliomtumikia vema dakika iliyopita utalipeleka ukutani. Fumbo hili ni dogo kulisimulia na kubwa kulitenda, nalo ndilo mlango wa kwanza wa sanaa ya mbio za magari madogo. Hapana njia ya kulifumbua kwa kusoma wala kwa kuambiwa. Hufumbuliwa kwa kukosea, na kukosea tena, hata mikono izoee yenyewe. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Habari ya leo ni ya chombo kilichobuniwa makusudi ili kosa lirudiwe.

Kutawala chombo kwa mbali si jambo jadidi. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ndani ya hodhi la maji, ikienda na kupinda kwa amri ya mawimbi ya redio, pasipo uzi wala kamba; na husimuliwa kwamba miongoni mwa watazamaji walikuwapo waliodhani ni mazingaombwe, na waliodhani kuna kima aliyefunzwa ambaye amefichwa ndani. Ule ulikuwa mwanzo wa rimoti. Mwanzo wa mazoezi ya kivuli, yaani kujifunza chombo pasipo kukigusa chombo chenyewe, uko mahali pengine, na asili yake ni kiwanda cha vinanda.

Edwin Link wa Binghamton, katika jimbo la New York, alilelewa katika kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda vya upepo, akayajua mambo ya mivukuto na mirija. Alipotaka kujifunza kuruka akaona gharama ya ndege ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida, alichukua mivukuto ileile, akaiweka chini ya kijisanduku chenye kiti na usukani, na mwaka 1929 akawa amekamilisha ndege isiyoruka, iliyoinama na kuinuka na kuzunguka kwa kufuata mikono ya mwanafunzi. Wakubwa wa jeshi hawakukithamini kitu hicho. Wakati ule kilipata wateja zaidi katika viwanja vya burudani. Ndipo mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kubeba barua, na marubani wake, ambao hawakuzoea kuruka kwa kutazama vipimo katika giza na ukungu, wakafa mmoja baada ya mwingine katika muda wa majuma machache. Na jeshi lililokuwa limekidharau kisanduku cha Link likanunua 6 kwa mpigo. Tangu hapo kanuni imekuwa ileile: chombo cha mazoezi hupata heshima siku ambayo gharama ya kosa inakuwa haivumiliki.

Katika magari madogo gharama hiyo si ya roho, ni ya mfuko. Lakini mfuko nao una machozi yake. Gari la kwanza la rimoti kuuzwa madukani huhesabiwa kuwa lile la kampuni ya Kiitaliano iitwayo Elettronica Giocattoli, lililotoka mwaka 1966 kwa umbo la Ferrari 250 LM, likiwa sehemu moja ya kumi na mbili ya gari la kweli. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ambayo mwaka 1946 ilianza kwa kupasua mbao, ilitoa gari lake la kwanza la namna hiyo, Porsche 934. Na katika kutafuta usahihi wa sura, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua gari aina ya Porsche 911, akalifungua kipande kwa kipande ili lipimwe. Kitu kilichokuwa mchezo wa watoto kikageuka kuwa ufundi wa watu wazima. Mwaka 1979 likaundwa shirikisho la dunia la mbio hizo, IFMAR, na katika miaka iliyofuata Mjapani Masami Hirosaka akatwaa mataji 14 ya dunia, idadi ambayo dereva yeyote wa magari makubwa angeionea wivu.

Lakini tazama jinsi mazoezi yalivyokuwa adimu katika zama hizo. Betri za awali zilitoa nguvu kwa dakika chache, kisha zikahitaji kuchajiwa kwa muda mrefu kuliko ule zilizotumika; mbio za magari ya umeme zenyewe zilizoea kuwa za dakika tano. Kila rimoti ilibeba kipande cha fuwele kilichoamua masafa yake ya redio, na ikiwa watu wawili waliwasha rimoti za masafa mamoja, gari la mmoja lilimtii mwingine, likakimbia kama mnyama aliyepandwa na wazimu mpaka likapasuka. Kwa ajili hiyo viwanjani paliwekwa ubao wenye vibanio vyenye namba, na hakuruhusiwa mtu kuwasha chombo chake illa awe ameshika kibanio cha masafa yake. Hivyo aliyekuja na hamu ya kujifunza aliweza kuketi akitazama zamu za wenzake tu. Fauka ya hayo, pigo moja la ukuta lilivunja mkono wa gurudumu, na kipuri chake kiliagizwa kutoka mbali. Masafa yale yalipokuja kubadilishwa na mitambo ya gigahezi 2.4, ambayo hujitafutia nafasi yenyewe, usumbufu wa fuwele ulikwisha; usumbufu wa vipuri ungalipo.

Kompyuta iliingia katika habari hii kwa mlango wa mchezo. Mwaka 1988 mashine za Nintendo zilipata R.C. Pro-Am, kazi ya kampuni ya Rare ya Uingereza, ambayo magari yake yalionekana kutoka juu kwa mshazari. Fumbo la kulia na kushoto lilikuwamo ndani yake, kwani gari lilishuka likikujia, ila magari yale yalirushiana makombora, na hayakuwa na uzito wala mshiko wa tairi wa kufundisha lolote. Mwaka 1999 ikatoka Re-Volt, magari ya rimoti yanayokimbizana mitaani na katika maduka. Sura yake ilipendeza, lakini jicho la mchezaji lilikaa nyuma ya gari, mahali hasa asimamapo mtoto wa Hasamba na ufito wake, na kwa sababu hiyo fumbo likaondolewa.

Aliyelirudisha fumbo mahali pake ni mtu wa kiwanjani. Pieter Bervoets wa Uholanzi, mwasisi wa kampuni ya magari ya mashindano iitwayo Serpent, pamoja na wenzake, walileta mwanzoni mwa karne hii programu inayojulikana kwa herufi VRC, ambayo jicho lake halifuati gari. Mchezaji husimamishwa juu ya jukwaa la madereva kando ya kiwanja, kimo chake na mahali pake vikiwa vilevile kama siku ya mashindano, naye hulitazama gari likienda likawa dogo, likipinda, likirejea likawa kubwa, huku kulia na kushoto vikibadilishana kila kona. Rimoti yake halisi huunganishwa na kompyuta kwa waya, ili vidole vijifunze chombo kilekile vitakachokitumia nje. Viwanja vimechorwa kwa kufuata viwanja vya kweli, na gari lina mambo yake yote: ugumu wa springi, mafuta ya shokomzoba, aina ya tairi, uwiano wa gia. Ukibadilisha kimoja, gari linabadili tabia; ukikosea, unabonyeza kitufe na gari linarudi barabarani likiwa zima.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za watu wa ng'ambo peke yao. Katika magari makubwa, nchi zetu zimo katika kiini cha historia hiyo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalisifika kuwa mtihani mgumu kuliko yote, kwa matope, vumbi na mawe yake. Mwingereza Richard Burns alipata ushindi wake wa kwanza wa mashindano ya dunia katika Safari ya mwaka 1998, akashinda tena mwaka 2000, na mwaka 2001 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2004 jina lake likapewa programu, Richard Burns Rally, iliyokuwa kali mno hata wanunuzi wengi waliikimbia. Gari lake liliteleza kama linavyoteleza gari la kweli, wala halikumsamehe mwenye pupa. Burns alifariki Novemba 2005, akiwa na umri wa miaka 34, na programu ile ingali ikichezwa na kutunzwa na wapenzi wake hata leo. Mtu aliyetiwa adabu na barabara zetu ameacha shule ambamo wengine hutiwa adabu bila kuvunja mhimili.

Likatokea na jambo la ajabu zaidi. Safari ilikuwa imetoka katika ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na ikapangwa irejee Julai 2020. Ugonjwa wa korona ukaiahirisha. Wafaransa wa Kylotonn, waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa mashindano hayo uitwao WRC 9, walikwisha kuchora barabara za Kenya, na Septemba ya mwaka uleule mchezo ukatoka. Basi vijana wa kila upande wa dunia waliikimbia Safari ndani ya kioo miezi kadhaa kabla ya magari ya kweli kuwasha injini Naivasha mwezi Juni 2021, ambapo dereva Sébastien Ogier alishinda. Kwa mara hiyo kivuli kilitangulia mwili, na mwili ukaja kukifuata.

Pamoja na sifa zote hizo, kivuli hakina haki ya kujiita mwili. Kioo ni bapa, na jicho halipati kina cha umbali kama lipatavyo uwanjani. Hapana upepo wala vumbi linaloingia machoni, wala moyo haupigi kama upigavyo mtu anapotazamwa na umati. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba programu humzoeza mtu kuamini kuwa gari lililovunjika hurejea kwa kitufe, ilhali katika mbio za kweli nusu ya ushindi hupatikana mezani, kwa bisibisi na subira, usiku wa kuamkia mashindano. Kwa hiyo walimu wa mchezo huu hushauri mazoezi ya kompyuta yawe ya mkono na jicho, na mazoezi ya kiwanjani yawe ya masikio, vidole na akili ya ufundi.

Nikilirudia lori la waya, naona kwamba mtoto wa Hasamba anayo tayari nusu ambayo kompyuta haiwezi kuitoa. Amelisuka gari lake kwa mikono yake. Amejua kwamba mhimili uliopinda hulivuta gari upande, kwamba gurudumu la ndala hushika udongo kuliko kizibo, na kwamba mzigo ukizidi nyuma usukani huwa mwepesi. Na likivunjika njiani huchuchumaa palepale akalifunga upya. Elimu hiyo ndiyo ambayo kijana mwenye kompyuta chumbani huikosa mpaka siku ya mashindano. Nusu anayoikosa mtoto wa Hasamba ni ile ya kutawala kitu kisichoshikwa, kinachomjia usoni, na nusu hiyo ingemgharimu gari la bei ya magunia kadhaa ya kahawa kama ingebidi aipate kwa kuvunja na kununua. Ndani ya kompyuta, hata ile chakavu ya shule, mkono wake utakosea mara ya kwanza, mara ya kumi na mara ya hamsini, gari likigonga ukuta uleule upande uleule, na hapana mzazi atakayeletewa bei ya kipuri.