Mifarishi ya Gee's Bend

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mto hujipinda ukakizunguka kipande cha nchi kwa pande tatu. Mahali hapo huitwa Gee's Bend. Katikati ya karne ya 19 shamba la pamba la hapo lilitwaliwa na Mark Pettway, akawahamishia huko watumwa wake wapatao 100 kutoka North Carolina. Walikwenda kwa miguu. Uhuru ulipokuja mwaka 1865, wengi walibaki papo hapo wakilima ardhi isiyo yao, na jina la Pettway wakabaki nalo.

Nyumba zao zilikuwa na nyufa, na baridi ya huko si mzaha. Kwa hiyo wanawake walishona mifarishi ya kujifunika kwa matambara waliyokuwa nayo: suruali zilizochakaa, magauni ya zamani, magunia ya unga na ya mbolea. Vipande viliunganishwa vikawa uso. Chini yake ikatandazwa pamba iliyopigwa kwa fimbo hata ikalainika. Chini kabisa ikawekwa bitana. Kisha matabaka hayo matatu yalinyoshwa juu ya kiunzi cha mbao, wanawake wakakizunguka na kuyashona pamoja.

Hapo ndipo mjukuu alipoingia kazini. Nyanya, ambaye macho yake yamefifia, hakuliona tena tundu la sindano, mtoto aliliona. Alitia uzi sindano baada ya sindano, na baina ya sindano mbili aliketi chini ya kiunzi, mfarishi ukiwa dari juu ya kichwa chake, akisikiliza nyimbo na habari za waliokwisha kufa. Watu hao hawakuwa na maktaba; na kitabu gani kingeandika habari za mtumwa jinsi nyanya alivyozijua? Hakupewa mfano uliochorwa karatasini. Aliuona mtindo uitwao Paa la Nyumba, ambao huanza na kipande kimoja cha katikati, kikazungushiwa vitambaa hata mwisho, kisha akaachiwa aupinde apendavyo.

Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyewakopesha alifariki, na jamaa zake wakadai deni lote mara moja. Wanyama, majembe, mbegu na chakula vilichukuliwa. Ujuzi wa mikono haukuweza kuchukuliwa.

Muongo mmoja baadaye, mwaka 1942, mjane aitwaye Missouri Pettway alizikata nguo za kazi za marehemu mumewe, Nathaniel, akazishona kuwa mfarishi ili amkumbuke akijifunika. Binti yake Arlonzia alimsaidia.

Watu wa Gee's Bend walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko cha kwendea mji wa Camden kiliondolewa mwaka 1962, nacho hakikurudishwa hata mwaka 2006. Mwaka 1966 wanawake wa huko na wa jirani waliunda chama cha ushirika, wakauza mifarishi yao mpaka New York.

Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston. Wajuzi waliifananisha na kazi za wachoraji mashuhuri. Sifa njema, lakini naiona imegeuzwa, kwa maana akina nyanya hao hawakumwiga mchoraji yeyote. Mfarishi wa Missouri ulikuwa miongoni mwa iliyotundikwa. Mahali mahali katika nguo hizo za Nathaniel, rangi imechujuka.