Darubini Ilitukuta Tunaangalia

Vijana wenzangu wa Boko wanasema eti kuchunguza mwezi na sayari ni mambo ya Wazungu. Mimi nakataa, na ushahidi ninao.

Tuanze na bahari yetu. Mvuvi haulizi kalenda ya ukutani bamvua ni lini, anautazama mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hujipanga mstari mmoja, maji yakajaa sana na kutoka sana. Ukiwa nusu, ni maji mafu. Kisha kuna jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu: jua likishazama, macho yote magharibi. Ukionekana, umeandama. Usipoonekana, watu wanakamilisha 30. Hivi huo si uchunguzi? Tena hakuna anayelipwa!

Na sayari je? Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: majina haya yana asili ya Kiarabu, lugha ya majirani zetu wa Bahari ya Hindi. Katika karne ya 15 nahodha Ahmad ibn Majid aliandika juu ya nyota za kuongozea vyombo, na njia za pwani yetu hadi Sofala.

Januari 1610, kule Padova, Galileo aliielekeza darubini yake kwa Mshtarii akaona miezi minne ikiizunguka. Kumbe si kila kitu kinaizunguka dunia! Heshima yake tumpe. Lakini mwaka huo Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilishasimama, na mabaharia wa pwani hii walikuwa wakisoma mbingu tangu zamani. Galileo aliongeza kioo, macho yalikuwepo.

Miezi ile minne nimeiona mwenyewe hapa Boko, kwa darubini ndogo ya macho mawili niliyoiegemeza ukutani isitikisike. Vidoa tu, vimejipanga.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na watu wakafurika Rujewa, Mbarali, kulitazama. Safi sana. Ila mwezi uko juu karibu kila usiku, bila nauli.

Taa za mji zinafifisha nyota ndogo. Mwezi na Mshtarii haziwezi. Kinachoweza kuzimika ni maneno: bamvua, maji mafu, kuandama. Mzee anayeyajua bado yupo ufukweni. Kamwamkie, umuulize, uandike.