Otaku

Kijana wa Kimbo anayetaka kuvaa kama Naruto, mhusika wa anime (katuni za Kijapani), hana mtaa wa kumuuzia vazi. Hutafuta mitumba, humpelekea fundi cherehani, kisha hupanda matatu Barabara ya Thika kwenda NAICCON, tamasha la katuni jijini Nairobi. Wenziwe humwita otaku.

Kwa Kijapani, asili ya neno hilo ni “nyumbani kwako”, namna ya heshima ya kumwambia mtu “wewe”. Nasi huuliza “kwenu hamjambo?” na hatuulizii kuta. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio alilitumia kuwacheka mashabiki wa katuni, likawa tusi kwa miaka mingi. Biashara ililisafisha, kiasi: Akihabara ya Tokyo, soko la vipuri vya redio baada ya vita, likageuka kitovu cha anime na michezo ya kompyuta. Jijini humo, wanawake wana Otome Road kule Ikebukuro. Wakusanyaji wa vitu adimu huenda Nakano Broadway. Harajuku ni ya mitindo ya mavazi, usiichanganye.

Wingi je? Nasikia “maotaku”. Halina haja. Andikeni “otaku wawili”, kama “askari wawili”.