Mlima Meru: Kisiwa cha mimea katikati ya nchi kavu

KISIWA, kwa maana iliyozoeleka, ni nchi iliyozungukwa na maji. Wataalamu wa mimea hulitumia neno hilo pia kwa milima mirefu iliyosimama peke yake, kwa kuwa kilele chake chenye baridi hutengwa na vilele vingine kwa nyanda za joto ambamo mimea ya huko juu haiwezi kuishi. Mlima Meru, ulio jirani na Jiji la Arusha, ni kisiwa cha aina hiyo.

Mlima huu wa volkano una urefu wa meta 4,562, wakati jiji liko kwenye mwinuko wa meta zipatazo 1,400. Chini kuna mashamba ya migomba na kahawa. Hufuata msitu wenye mitarakwa na miti ya podo, kisha vichaka, na juu kabisa ukanda wa baridi kali.

Katika ukanda huo wa juu huota mmea ujulikanao kitaalamu kwa jina la Dendrosenecio meruensis, ambao haujapata kuonekana kwingineko duniani. Ni wa jamii moja na alizeti, lakini una shina nene mithili ya mti, lenye majani makubwa yaliyokusanyika kileleni. Usiku wa baridi majani hayo hujikunja na kukilinda chipukizi, nayo yaliyokauka hubaki shinani na kulikinga lisigande.

Utafiti wa vinasaba wa Eric Knox na Jeffrey Palmer, uliochapishwa mwaka 1995, uliuhusisha mmea huo na ndugu zake wa Kilimanjaro, mlima ulio umbali wa kilometa zipatazo 70. Mbegu zake ni nyepesi na hupeperushwa na upepo. Zilizofika Meru zilizaa kizazi kilichojitenga, kama vile mpapindi, mnazi-pori wa Pemba, ulivyojitenga kwa kuzungukwa na bahari.

Hifadhi ya Taifa ya Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960. Mwaka 1967 Mlima Meru uliongezwa humo na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hata hivyo, mipaka pekee haiuzuii moto, na mimea hii hukua taratibu mno. Joto la dunia nalo linapoongezeka, mimea ya baridi hulazimika kupanda juu zaidi, ilhali mlima una mwisho.

Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji, iko taasisi iliyofahamika kwa miaka mingi kama TPRI, ambayo kwa sheria ya mwaka 2020 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Hapo hutunzwa mkusanyiko wa taifa wa mimea iliyokaushwa, pamoja na benki ya mbegu. Kumbukumbu hizo huonyesha mmea gani uliota wapi na lini, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mlima wenyewe.

Msitu wa Meru ndio pia unaolinda chemchemi zinazowapatia maji wakazi wa Arusha. Hivyo, kuuepusha mlima na moto na ukataji miti ni kuulinda mmea usio na makazi mengine, na wakati huohuo kulinda maji ya jiji.